Jambia Refu Kuliko Ala Yake

Mpaka leo sijui ile ncha inakwenda wapi.

Nimekagua silaha za kale karibu utu uzima wangu wote, hasa majambia ya kijeshi. Watu huniletea visu vya babu zao, au huniita majumbani, nami nawaambia ninachokiona: hiki ni kizima, hiki kimesuguliwa na mtu asiyejua, hiki mpini ni wake lakini ubapa ni wa kisu kingine. Ni kazi ya macho na vidole. Haina miujiza. Chuma hakina sababu ya kumdanganya mtu. Wanaodanganya ni waliokisugua.

Lakini kuna jambia moja nililolishika ambalo ni refu kuliko ala yake. Si kwa unywele. Kwa upana wa kidole changu kizima. Na bado, ukilitia ndani ya ala, linaingia lote, mpaka kikingio cha mkono kinagusa mdomo wa ala kwa mlio mdogo, kama mlango uliofungwa na mtu mwenye adabu.

Nimesoma vitabu vya majini na nimesoma vitabu vya madaktari. Vyote vinaongea kwa uhakika uleule. Hakuna hata kimoja kilichonieleza upana ule wa kidole unakaa wapi.

Jua lilikuwa linaaga nilipofika nyumbani kwa marehemu Mzee Vyuma. Ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Hakuwahi kuwa askari hata siku moja. Alikuwa mtunza stoo, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Lakini alikusanya majambia ya askari kama watu wengine wanavyokusanya madeni. Alipofariki, jumba la makumbusho lilikubali kuyapokea yote, ila likataka kwanza mtu ayaangalie na kusema hali ya kila moja. Wakaniita mimi.

Mjane alinifungulia mlango huku kidole kiko mdomoni.

“Karibu, fundi. Tuongee chini chini. Binti amelala.” Akasita. “Kama kule ni kulala.”

Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu sana. Katika nyumba ile hata ndala zilipangwa zikitazama upande mmoja. Alinieleza akiwa amesimama barazani, kama mtu anayetaka kulitua lile jambo kabla hatujaingia nalo ndani. Binti yake pekee, fundi cherehani, alikuwa mgonjwa tangu muda mfupi baada ya mazishi ya baba yake. Maumivu ubavuni, upande wa kushoto, chini ya mbavu. Hospitali wamepiga picha wakarudia. Picha safi. Daktari mmoja, ambaye mama alimsifu kwa ukweli wake, alisema: “Mama, sioni kitu. Lakini mtu asipokula na asipolala, si lazima tuone kitu ndipo tumpoteze.”

“Chumba cha visu ndicho chenye dirisha zuri,” akasema. “Nataka nikiondolee vyuma, nimhamishie humo. Apate hewa. Ndiyo maana nakuharakisha.”

Mlangoni mwa chumba hicho palikuwa na mwanamume amekalia kiti kwa kukigeuza, mikono juu ya mgongo wa kiti. Alikuwa mdogo wake marehemu, dereva mstaafu wa gari la wagonjwa. Familia ilimwita Ba’mdogo, nami nikajikuta namwita hivyohivyo.

“Huyu ndiye daktari wa visu?” akamuuliza mama. Kisha akanigeukia. “Samahani, mheshimiwa. Na vijiko vikiumwa unatibu?”

“Vijiko navipeleka kwa bingwa.”

Akacheka kimyakimya, mabega yakimtikisika. Nilimpenda.

Chumba kilikuwa kidogo. Rafu za mbao pande tatu, meza chini ya dirisha, taa moja kali. Ukuta wa nne haukuwa ukuta. Ulikuwa ubao mwembamba uliopakwa rangi, na nyuma yake ndiko alikolala binti. Niliweza kusikia kitanda chake. Niliweza kusikia hata akimeza mate. Harufu ya huko ilipenya pia: spiriti, dawa ya kuchua, jasho la mtu aliyelala siku nyingi upande mmoja.

Nikavaa glavu za pamba nikaanza.

Kazi hii haina haraka. Unalitazama jambia likiwa ndani ya ala, kisha unalichomoa, unautazama ubapa kwa mwanga wa ubavuni, unatafuta kutu mbichi na kutu ya zamani. Kutu ya zamani, ile nyeusi iliyotulia, haiguswi. Ndiyo ngozi ya kisu. Unatikisa mpini uone kama umelegea. Halafu unarudisha ubapa kwenye ala, unautoa tena, unaurudisha tena, huku umetega sikio. Ubapa na ala vilivyozeeka pamoja vina sauti moja, kama mke na mume waliokwisha kugombana yote ya kugombana. Ukisikia mkwaruzo, ujue kuna aliyeletwa ukubwani.

“Hili?” akauliza Ba’mdogo, akionyesha moja lenye mpini wa pembe.

“La kweli. Limetumika. Tazama hapa palivyolika, palipokaa kidole gumba cha mtu.”

“Na hili linalong’aa kama meno ya mgombea?”

“Hilo mtu alilisugua kwa mchanga. Amelichuna.”

“Kaka yangu huyo?”

“Hapana. Kaka yako alijua.”

Kweli alijua. Kila kitu kilikuwa kimepakwa mafuta kidogo, kimepumzishwa vizuri. Kosa lilikuwa moja tu, nalo nikalisema kwa upole kwa kuwa mjane alikuwa amesimama pale. Majambia yote yalikuwa ndani ya ala zake. Ngozi ya ala hushika unyevu, na ile dawa iliyotumika kuilainisha hula chuma polepole. Anayejua huviweka mbali, ubapa kando ya ala yake.

“Ni mimi,” akasema mama. “Baada ya matanga tulifanya usafi. Niliona visu vimelala uchi na nyumba zake ziko pembeni. Nikaona vibaya.”

“Hakuna kilichoharibika,” nikamwambia. “Ni muda mfupi.”

Nyuma ya ubao, binti alijigeuza. Kitanda kikalia. Kisha sauti, nyembamba, ya mtu anayejaribu kutosumbua:

“Mama... nani yupo?”

“Fundi wa visu, mwanangu. Lala.”

Lile jambia lilikuwa la mwisho, rafu ya chini.

Halikuwa zuri. Mpini wa mfupa uliogeuka rangi ya chai, kikingio cha shaba kisicho na nakshi, ala ya ngozi nyeusi iliyoshonwa kwa mishono midogo mno, mishono ya mkono wenye subira ya ajabu. Hakuna alama ya jeshi lolote nililolijua. Nikaishika ala kwa mkono wa kushoto, mpini kwa mkono wa kulia, nikachomoa.

Hakuna sauti.

Hata ile ya ngozi kuachana na chuma haikuwepo. Nilidhani masikio yangu yamechoka. Ila nyuma ya ubao nilisikia pumzi ndefu ikishushwa, kama ya mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.

“Aaah... Mama. Limetoka.”

Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nifike. “Maumivu yamemwachia,” akanong’ona. “Mara nyingine humwachia.”

Sikuwa hata nawaza hayo. Nilikuwa nimeshangaa jambo jingine. Niliulaza ubapa juu ya meza, nikaweka ala kando yake, nikaona kwa macho yangu: ubapa ulikuwa umepita mwisho wa ala. Nikapima kwa rula. Nikapima tena kutoka upande mwingine. Jambia na ala visivyo vya pamoja ni kitu cha kawaida. Lakini hili lilikuwa limeingia lote. Nililitoa mwenyewe.

Nikavua glavu ili niishike ncha.

Ilikuwa ya moto.

Si ya kuunguza. Ilikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Sehemu nyingine yote ya ubapa ilikuwa baridi, kama chuma kinavyopaswa kuwa. Chuma hakina joto lake chenyewe. Hukopa.

“Mama,” sauti ikasema nyuma ya ubao, sasa imefifia, “nifunike. Baridi.”

Mama akatoka haraka. Nikarudisha ubapa kwenye ala ili nisikie tena namna unavyoingia, maana hiyo ndiyo kazi yangu na ndilo zoea langu. Ukaingia polepole, laini, laini... na mwishoni kabisa, pale ulipopaswa kugonga mwisho wa ngozi, nikahisi umepita kwenye kitu. Kitu laini. Kisha kikingio kikagusa mdomo wa ala.

Tk.

Nyuma ya ubao binti akatoa mguno ambao sitaki kuueleza.

Ba’mdogo alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi. Alitazama ubao.

Yapo mawazo ambayo mtu mzima huyafukuza kabla hayajakaa. Nililifukuza hilo. Nikajiambia ni sadfa tu, mgonjwa anaguna wakati wowote. Ili nijihakikishie, nikachomoa tena, nikalaza jambia pembeni, nikachukua kijiti changu cha kukagulia ala. Ni ufito mwembamba wa mwanzi, ncha yake nimeizungushia kitambaa laini. Nikamulika tochi ndani ya mdomo wa ala. Mwanga ulikwenda chini, chini, kisha ukaisha kabla haujafika popote. Hewa ilitoka humo. Hewa vuguvugu.

Spiriti. Dawa ya kuchua. Jasho la mtu aliyelala upande mmoja.

Nikatia kijiti, taratibu, nikagusa mwisho.

“Mama?” binti akasema. “Usinifanyie hivyo.”

“Nini, mwanangu?”

“Nani ananigusa ubavuni? Kama... kama kijiti. Kina kitambaa.”

Nilikaa na kile kijiti mkononi. Sikuthubutu kukisukuma. Sikuthubutu kukitoa.

Ba’mdogo akaja karibu hadi nikasikia pumzi yake. “Kitoe,” akaninong’oneza. “Kitoe, bwana. Polepole.”

Nikakitoa. Kitambaa kilikuwa kikavu.

Nilirudisha jambia ndani ya ala, kwa kuwa binti alikuwa amelalamika baridi, na kwa kuwa sikujua la kufanya. Mguno ukaja tena. Kisha tukakaa jikoni, watu watatu na taa moja. Mama hakuwa amejua chochote bado. Niliuliza maswali yangu kwa mbali, kama daktari anayeanza na habari za usingizi.

“Mzee alikuwa anaweka wapi ala ya lile la rafu ya chini?”

Akashangaa. “Umejuaje? Lile jambia lilikaa chumbani mle, lakini ala yake aliificha humu jikoni. Kabatini, nyuma ya masufuria. Nilimtania, nikamwambia unawatenga kama wake wenza, kila mmoja na nyumba yake.”

“Akasemaje?”

“Alicheka. Lakini siku moja niliitoa ala ili nifute vumbi, nikampelekea kule chumbani. Fundi, mume wangu hakuwahi kunipandishia sauti. Siku ile alipiga kelele. Akanipokonya. Kisha akakaa, akalia, akaniomba radhi. Nikaona ni uzee.”

“Hakukueleza?”

“Mzee? Hata alipoumwa jino nilijua kwa shavu.”

Sikumlaumu marehemu, wala simlaumu sasa. Labda alijua. Labda alikuwa ameambiwa tu na mtu aliyemkabidhi, “usiviweke pamoja,” akashika bila kuuliza. Siri nyingi za ndani ya nyumba hazifichwi. Hukosa tu siku nzuri ya kusemwa.

“Na siku ya usafi,” nikasema, “ilikuwaje ulipolirudisha?”

“Nilikuwa nasukuma mimi. Binti alinishikia ala. Ilikuwa ngumu kidogo, akaikaza hapa...” Mkono wake ukaenda kwenye ubavu wake wa kushoto, chini ya mbavu. Ukatulia hapo. “Alikuwa ameiegemeza hapa. Nikasukuma. Akasema, ‘Mama, umenichoma.’ Tukacheka, maana...”



Nilimwona akielewa. Hakulia. Alianza kupanga vikombe vilivyokuwa mezani, vishikio vyote vikitazama upande mmoja.

Ba’mdogo akagonga meza. “Basi! Nyinyi mmekaa mnahojiana kama mko kwenye kikao cha harusi. Kama ni kisu, kinatolewa. Mimi siamini mambo haya, lakini hata asiyeamini anaweza kuchomoa kisu.”

“Ba’mdogo, subiri...”

“Nisubiri nini?”

Alikuwa ameshafika. Nilisikia rafu. Kisha nikasikia kimya, ule ukosefu wa sauti wa ubapa ukitoka wote kwa mpigo mmoja.

Binti akashusha pumzi. “Aaah...”

“Umeona?” Ba’mdogo akaita kutoka chumbani, sauti yake imejaa ushindi. “Umeona, daktari wa visu?”

Tuliingia kwa binti. Alikuwa amelala chali, kwa mara ya kwanza tangu augue, akasema mama. Uso umelegea, mzuri, hauna maumivu. Alinitazama akatabasamu. Midomo yake ikaanza kupoteza rangi. Mama akamshika mkono, akautoa wake kama aliyeshika barafu.

“Mwanangu?”

“Sijambo, mama. Nasinzia.”

“Usisinzie.”

“Nasinzia tu kidogo...”

Ba’mdogo alikuja akasimama mlangoni, jambia mkononi, ala mkono mwingine. Ncha ilikuwa inatoa mvuke. Mvuke mwembamba, kama wa kikombe. Na kadiri ulivyokuwa unatoka, ndivyo kifua cha binti kilivyokuwa kinapanda kwa shida.

Uso wa Ba’mdogo ukabadilika. Mpaka wakati huo sikuwa nimeona kwamba mtu yule ni mzee. Akaelekeza ncha kwenye mdomo wa ala, akasukuma, akifumba macho.

Tk.

Binti alipiga ukelele. Alijikunja upande wake wa kushoto, akauma shuka. Kisha joto likarudi. Midomo ikarudi. Akalia, na kilio kile kilikuwa cha mtu aliye hai.

“Miaka yote ile,” Ba’mdogo akasema, akiwa ameketi sakafuni, “miaka yote kwenye gari lile, nilikuwa nawapigia watu kelele. Aliyechomwa kisu hachomolewi njiani! Mwacheni nacho! Kisu ndicho kizibo.” Akajipangusa uso kwa kiwiko. “Nisamehe, mwanangu. Baba yako mdogo ni mpumbavu.”

“Hilo tunalijua siku nyingi,” binti akasema kwa meno yaliyoumana.

Mjane ndiye aliyecheka, mcheko mmoja mfupi uliokatika njiani.

Tukamweleza. Alikuwa na haki, kwani mwili ni wake. Alisikiliza akiwa amekunja magoti, akiuliza maswali machache, ya fundi. Kina cha ala kiasi gani? Ubapa una makali pande mbili au moja? Nikamjibu. Hakuonekana kushangaa sana. Nadhani aliyekaa na maumivu muda mrefu hushukuru hata kuyapa sura.

“Kwa hiyo kikikaa, nitakwisha polepole,” akasema. “Kikitoka, nitakwisha upesi.”

Akanigeukia mimi.

“Fundi. Wewe visu vikikwama unavitoaje?”

Hapo ndipo nikajua nina kitu cha kuwapa. Visu vingi vya kale hukwama. Kutu hushikana na ngozi vikawa kitu kimoja. Anayevuta kwa nguvu huvunja vyote viwili. Unadondosha mafuta mepesi, unasubiri. Unavuta kiasi cha unywele, unaacha. Kesho unaongeza mafuta, unavuta unywele mwingine. Ngozi inapata nafasi ya kurudi mahali pake nyuma ya chuma. Nimewahi kutoa jambia moja kwa msimu mzima wa mvua.

“Ngozi inajifunga nyuma yake,” binti akarudia.

“Ya ala, ndiyo. Ya mtu... sijui. Nisikudanganye.”

“Kidonda nacho huziba kutoka ndani,” Ba’mdogo akasema kwa sauti ndogo. “Kikipewa nafasi.”

“Basi tutafanya hivyo,” akasema binti. “Mafuta yapo, chini ya cherehani yangu.”

Nikanyoosha mkono kupokea jambia. Mkono wangu umezoea. Sikuona nani mwingine angeweza.

“Si wewe, fundi. Mama.”

Mama alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani. “Mimi? Mwanangu, ni mkono huu huu. Ndio uliokutia.”

“Ndiyo. Ndio unaoijua njia.”

“Nitatetemeka.”

“Nikiumia nitakwambia. Kwa fundi nitaona haya.”

Nje giza lilikuwa limeshika, na jirani fulani alikuwa anawaita watoto waje wale. Nilidondosha mafuta kwenye mdomo wa ala, kidogo, nikayaacha yashuke. Nikaishika ala. Ba’mdogo akamshika binti mabega. Mama akafuta viganja kwenye gauni lake, akaukamata mpini, akavuta kiasi cha unywele.

Hakikuja.

Akanitazama. Midomo yake ikatembea bila sauti, kisha kwa sauti ambayo mimi tu niliisikia:

“Fundi... kuna anayeshikilia.”

Nikaweka kidole changu juu ya mpini, nyuma ya mkono wake. Najua kisu kilichokwama. Kilichokwama kimekufa, ni kama kusukuma ukuta. Hiki hakikuwa kimekwama. Kilikuwa kinavutwa. Kutoka upande ule mwingine, kwa nguvu ndogo, ya subira, yenye kupumzika na kuanza tena. Mkono wenye subira ya ile mishono.

“Nini, mama?” binti akauliza.

“Hakuna kitu. Kutu kidogo.”

Akakaza mkono. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akavuta, akavuta... na nikaona, kati ya shaba na ngozi, mstari mwembamba wa mwanga.

Binti akashusha pumzi. Mashavu hayakupauka.

“Basi,” akasema. “Hapo. Kesho tena.”

Majambia mengine yalikwenda makumbusho. Lile tuliliacha. Tuliamua litolewe kwa unywele, kila jua likizama, hata ikichukua miaka, na kwamba mtu mwingine asiliguse ila anayevuta. Mimi kazi yangu ni mafuta. Ba’mdogo hushika mabega, siku hizi bila utani mwingi. Kuna jioni mama anapata unywele mmoja. Kuna asubuhi tunakuta nusu yake imerudishwa. Binti anakula sasa, anashona akiwa ameegemea kulia. Nilipopima mara ya mwisho ubapa ulio nje, ulikuwa bado haujafikia hata urefu wa ukucha.

Juzi nilimuuliza mama kama amechoka. Alikuwa anafunga kitambaa kiganjani, maana mpini umeshamtia sugu. Alifikiri kwanza, kama mtu aliyeulizwa jambo la haki.

“Huyo wa upande ule hakumzaa,” akasema. “Tutaona nani atachoka.”

Akaushika mpini, akavuta.